Kutafuta Njia ya Kilele cha Kirinyaga

Mtu akaaye Ngoingwa, nje kidogo ya mji wa Thika, akiamka kabla ya jua kupanda katika mwezi wa Januari au Februari, aweza kuona milima mitatu bila ya kwenda mbali na mlango wake. Upande wa mashariki, karibu sana, ni Kilimambogo, ambao Wamasai huuita Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa. Upande wa magharibi ni safu ndefu ya Nyandarua. Na upande wa kaskazini, mbali kiasi cha maili sitini, ni Kirinyaga, nao huonekana kama jino jeusi lenye madoa meupe lililosimama juu ya ukungu. Ikifika saa tatu au saa nne mawingu huwa yamekwisha kuufunika, na mgeni afikaye adhuhuri hawezi kusadiki ya kuwa upande ule kuna mlima wo wote.

Kila mtoto wa Ngoingwa aweza kuunyoshea kidole. Lakini kuonyesha kilele kwa kidole ni jambo moja, na kujua mguu upite wapi ni jambo jingine. Tangu siku Mzungu wa kwanza aliyeandika habari za mlima huu alipouona, mpaka siku watu wa kwanza wanaojulikana walipokanyaga jiwe lake la juu kabisa, ilipita miaka hamsini kasoro miezi mitatu hivi. Waliojaribu katika miaka hiyo hawakuwa wavivu wala waoga. Yafaa basi kueleza kwa nini njia ilikuwa ngumu kuonekana, ilipatikanaje, na ni nani waliolipa gharama yake.

KILIMAMBOGO KWANZA

Ni vema kuanza na mlima mdogo ulio karibu, kwa kuwa nao una fundisho lake. Kilimambogo una urefu wa meta 2,145 juu ya bahari, yaani futi 7,000 na kidogo. Ukiutazama toka Thika waonekana kama kichuguu kikubwa kisicho na genge wala jabali. Mtu mwenye afya aweza kuupanda na kushuka siku moja, na leo iko barabara ya kiasi cha kilometa tisa ipandayo mpaka juu, ndani ya mbuga ya taifa iliyotangazwa mwaka 1967. Hatari yake si mlima, ni wanyama waliompa jina: mbogo wangali wamo msituni, na kwa hiyo mtu hashauriwi kutembea humo bila askari wa mbuga.

Hata hivyo mlima huu mpole uliwahi kuwashinda watu. Bwana William Northrup McMillan, mzaliwa wa Marekani aliyekuwa na mashamba makubwa huko Juja na chini ya Kilimambogo, alifariki mwaka 1925. Yeye alikuwa mtu mnene sana, na wosia wake ulikuwa kwamba azikwe juu kabisa ya mlima. Husimuliwa ya kuwa jeneza lilivutwa kwa mashine, na mlima ulipozidi kusimama mashine ikashindwa, ikabidi kaburi lichimbwe pale pale ilipokomea. Liko huko hata leo, kama nusu ya njia, na wageni husimama kulitazama. Njia inayomfaa mtu na fimbo yake si lazima imfae mtu na mzigo, na watafutaji wa njia ya Kirinyaga walilijua jambo hilo kwa uchungu, kwa maana taabu yao kubwa ya kwanza haikuwa jabali wala barafu, bali vyakula vya watu wengi.

SURA YA MLIMA WENYEWE

Kirinyaga ulikuwa mlima wa moto zamani za kale sana, miaka zaidi ya milioni mbili iliyopita. Wataalamu wa mawe wasema ya kuwa wakati huo ulikuwa mrefu kuliko sasa. Moto ulipozimika, ujiji wa mawe yaliyoyeyuka uliganda katika koo la mlima, ukawa mgumu kuliko majivu na mawe mepesi yaliyouzunguka. Kisha mvua na barafu zikala ule upande mwepesi kwa muda mrefu usiohesabika, mpaka koo lile gumu likabaki limesimama peke yake kama nguzo. Nguzo hiyo ndiyo vilele viwili, Batian wenye meta 5,199 na Nelion wenye meta 5,188, na katikati yao upo ufa mwembamba wenye barafu.

Basi msomaji atafahamu mara moja shida iliyopo. Mlima huu ni kama milima miwili iliyopachikwa mmoja juu ya mwingine. Ule wa chini ni mpana na mpole, na mzee aweza kuupanda akipumzika. Ule wa juu ni mnara wa mawe. Mtu aliye mbali huona mteremko mrefu wa pole pole akadhani ya kuwa utamfikisha. Naye hupanda siku tatu au nne kwa furaha, ndipo anapofika chini ya ukuta na kukuta ya kuwa safari ndiyo kwanza inaanza.

Liko jambo la pili, nalo watu wa Thika, Gatundu na Murang'a hawahitaji kufundishwa. Mito itokayo mlimani huchimba mabonde marefu, na kati ya mto na mto hubaki mgongo wa nchi. Ukifuata mgongo mmoja toka chini mpaka juu, mwendo ni mwepesi. Ukikata toka mgongo hadi mgongo, utashuka na kupanda kutwa nzima, na jioni utaona moshi wa mahali ulipolala jana. Aliyetembea kwa miguu kati ya mito ya Chania na Thika, kabla hiyo haijakutana hapo mjini, aelewa maneno haya. Kwa hiyo siri ya kwanza ya njia ya Kirinyaga ni kuchagua mgongo ulio sawa tangu mwanzo, maana kosa la chini hulipwa juu.

Tena ukanda wa msitu umeuzunguka mlima kama mshipi. Ndani yake mtu haoni kilele hata kidogo. Baada ya miti mikubwa huja mianzi, na baada ya mianzi nchi ya majani magumu na matope, ambako mimea ile iitwayo senesio na lobelia husimama mirefu kuliko mtu. Watu waliokaa pembeni mwa mlima walizijua njia za msituni tangu zamani. Warina asali na wawindaji walifuata nyayo za ndovu na nyati, kwa kuwa mnyama mzito huchagua mteremko mzuri kuliko mtu yeyote mwenye dira. Lakini mambo ya kwenda kusimama juu ya kilele hayakuwa shughuli yao. Kwa Wakikuyu na jirani zao pale ni mahali pa Ngai, na wazee waliposali walielekeza nyuso zao huko. Mahali pa kuelekewa, si pa kukanyagwa.

ALIYEONA, NA WALIOMKATALIA

Tarehe 3 Desemba, 1849, mmisionari wa Kijerumani jina lake Johann Ludwig Krapf alikuwa Kitui, katika nchi ya Wakamba. Mwenyeji wake alikuwa Kivoi, mfanyi biashara mashuhuri ambaye misafara yake ilifika mpaka pwani, naye ndiye aliyemweleza habari za mlima ule wenye kitu cheupe. Siku hiyo mawingu yalifunguka, Krapf akaona pembe mbili kubwa. Alipoandika habari hizo, mabwana wengine wenye elimu huko Ulaya walimcheka, wakasema theluji haiwezi kukaa karibu na Ikweta. Mwenziwe Rebmann, aliyeona Kilimanjaro mwaka uliotangulia, alikuwa amechekwa vile vile. Wakamba hawakuona sababu ya kubishana. Wao walikuwa wakiuona kila siku ya hewa safi.

Ilipita zaidi ya miaka thelathini kabla ya Mskochi Joseph Thomson kuuona toka upande wa Laikipia mwaka 1883 na kuthibitisha maneno ya Krapf. Mwaka 1887 Count Samuel Teleki, mtu wa Hungaria, alipanda toka upande wa kusini-magharibi, akapita msitu na mianzi mpaka urefu wa kiasi cha meta 4,350. Njia aliyoipata ilikuwa nzuri. Bonde alilolifikia lingali linaitwa kwa jina lake, nalo hupitwa na wasafiri wengi hata leo. Lakini Teleki alikuwa na safari nyingine kaskazini, akageuka.

Mwaka 1893 alikuja Bwana John Walter Gregory, mtaalamu wa mawe, pamoja na wapagazi Waswahili wa pwani. Huyu alifika kwenye barafu yenyewe. Katika kitabu chake amesimulia jambo ambalo wasomaji wengi wamelicheka, ingawa aliyezaliwa Mombasa au Lamu hana budi kuwahurumia watu wale. Asubuhi moja wapagazi walimjia wakasema ya kuwa maji waliyoyaacha katika vyungu yamerogwa: yamekuwa meupe, hayatikisiki, na mwenzao Fundi, ambaye hakuwa mwoga, ameyapiga kwa fimbo nayo fimbo haikuingia. Gregory aliweka chungu motoni, barafu ikayeyuka mbele ya macho yao, nao wakafurahi kwamba pepo ametoka. Akawaambia sasa watumie maji yale. Alipogeuza kisogo waliyamwaga yote, wakaenda kuteka mengine kijitoni.

Watu hao walitoka katika nchi ya joto, na hawakuwa wamevaa kwa ajili ya baridi ile. Mtu asisahau hilo asomapo ya kuwa Gregory alikosa nguvu za kuendelea kwa sababu ya baridi na ugonjwa, na kwamba alikuwa karibu peke yake. Alifika kiasi cha meta 4,700, akayapa majabali na barafu majina, akashuka.

MWAKA WA NJAA

Aliyekipata kilele ni Bwana Halford Mackinder, mwalimu wa jiografia katika chuo kikuu cha Oxford. Yeye hakuwa mpanda milima mashuhuri, bali alijua kufikiri. Aliona ya kuwa reli ya Uganda ikifika Nairobi, safari ya kuufikia mlima itafupika kwa majuma mengi, na ya kuwa juu ya mnara ule watahitajiwa watu wenye ufundi wa barafu. Reli ilifika Nairobi mwezi wa Mei, 1899. Mwishoni mwa Julai Mackinder aliondoka hapo na watu 170: Wazungu sita, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na Wamasai wawili waongozi. Kati ya wale sita walikuwamo César Ollier na Joseph Brocherel, waongozi wa milima ya Alps.

Katika hesabu yake jambo moja lilikosekana. Mwaka huo nchi ya Wakikuyu ilikuwa katika njaa kuu ambayo wazee waliiita Ng'aragu ya Ruraya, na ndui ilikuwa ikiua watu pamoja na njaa. Kupitisha vinywa 170 katika nchi isiyo na chakula ni sawa na kuvunja ghala la mwenye kufa. Baadhi ya wapagazi walitoroka, wengine waliiba vijijini, na wenyeji wakawachukia wote. Walipofika chini ya mlima, tarehe 18 Agosti, hapakuwa na posho. Watu wawili wa msafara waliuawa na wenyeji. Mmoja wa Wazungu, Bwana Saunders, alitumwa mpaka Naivasha kumwomba afisa wa serikali chakula.

Kitabu cha Mackinder juu ya safari hiyo hakikupigwa chapa mpaka mwaka 1991, alipokuwa amekwisha kufa zaidi ya miaka arobaini. Kati ya karatasi za msafara imo orodha ambayo imewafanya wanahistoria waandike ya kuwa wapagazi Waswahili wanane walipigwa risasi kwa amri. Mambo hayo hayakutajwa katika hotuba zilizopigiwa makofi. Majina ya Ollier na Brocherel yamo katika kila kitabu cha mlima. Majina ya wale wanane hayasomwi po pote, ingawa wao pia walibeba kamba na unga mpaka chini ya barafu.

JINSI JABALI LILIVYOSHINDWA

Katikati ya shida hizo Mackinder aliweka kambi juu ya msitu, akaanza kazi ya kutafuta njia. Tarehe 30 Agosti yeye na waongozi wawili walijaribu upande wa kusini-mashariki. Walipanda kutwa, wakakaribia kilele cha Nelion kiasi cha meta mia moja tu, usiku ukawaingilia, wakarudi. Mtu asiyepanda milima atauliza kwa nini hawakumaliza meta mia hizo. Jawabu ni kwamba mtu anayeparamia jabali lazima ajue atashuka wapi, na gizani hashuki.

Tarehe 5 Septemba walifanya jambo la busara sana. Hawakujaribu tena kupanda, bali wenzake watatu wa Mackinder walizunguka vilele vyote kwa chini, wakivitazama toka kila upande, kuona kama iko njia nyepesi zaidi. Hawakuiona. Hiyo nayo ilikuwa faida, kwa kuwa aliyekwisha kuona pande zote hasumbuliwi tena na mawazo ya kwamba pengine upande wa pili ni mzuri. Tarehe 11 waongozi wawili walijaribu barafu iitwayo Darwin, upepo wa theluji ukawafukuza.

Saunders aliporudi na chakula, walipanda mara ya tatu. Walivuka barafu ya Lewis, wakapanda jabali la Nelion, wakalala katikati ya ukuta. Alfajiri waliacha jabali wakakata kuelekea barafu ndogo iliyoning'inia kati ya vilele viwili. Barafu hiyo ilikuwa ngumu hata wakaiita Almasi. Walichonga ngazi kwa shoka, hatua moja baada ya moja, na adhuhuri ya tarehe 13 Septemba, 1899, wakasimama juu ya Batian.

Jina hilo Mackinder alilitoa kwa Mbatiany, laiboni mkuu wa Wamasai aliyefariki miaka michache kabla yake. Nelion ni jina la ndugu yake. Kilele cha tatu, ambacho mtu aweza kukifikia kwa miguu bila ya kamba, kilipewa jina la Lenana, mwana wa Mbatiany.

Njia ya Mackinder haikufuatwa na mtu kwa miaka karibu thelathini. Mwezi wa Januari, 1929, vijana wawili, Eric Shipton na Percy Wyn Harris, waliukamilisha ule ukuta wa kusini-mashariki, wakafika Nelion, kisha wakavuka ufa mpaka Batian. Iko sababu moja nzuri ya wao kupita pale Mackinder aliposhindwa mara ya kwanza. Mlima huu umekaa karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Jua linapokuwa upande wa kusini, toka Desemba mpaka Machi, majabali ya kusini hukauka, na yale ya kaskazini hujaa barafu. Linapokuwa kaskazini, toka Juni mpaka Septemba, mambo hugeuka. Mackinder alikuja Agosti akapanda upande wa kusini, ambao wakati huo ulikuwa katika majira yake ya baridi. Shipton alikuja Januari. Leo kila mpandaji hujua kuuliza mwezi kabla ya kuuliza njia.

WATU WASIO NA RAMANI

Kati ya wote waliotafuta njia ya Kirinyaga hawakuwapo waliokuwa na vyombo vichache kama Waitalia watatu wa mwaka 1943. Hao walikuwa mateka wa vita katika kambi ya Nanyuki: Felice Benuzzi, Giovanni Balletto aliyekuwa daktari, na Vincenzo Barsotti. Kila asubuhi waliuona mlima juu ya seng'enge. Hawakuwa na ramani. Walikuwa na picha ya mlima iliyobandikwa juu ya mkebe wa nyama, na yale ambayo macho yao yaliweza kuyaona toka kambini. Kamba walizitengeneza kwa vitu vya vitanda vyao, shoka za barafu kwa nyundo, na chakula walikidunduliza kwa miezi.

Mwishoni mwa Januari walitoroka, wakafuata mto wa Nanyuki kwenda juu. Walifikiri vema: mto utokao mlimani hauwezi kumpoteza mtu, ingawa waweza kumchosha. Walijaribu Batian toka kaskazini-magharibi, theluji ikawarudisha. Tarehe 6 Februari walifika Lenana, wakasimika bendera yao, wakashuka wakiwa na njaa, wakaingia tena kambini kwa hiari yao. Walihukumiwa kifungo cha peke yao cha siku 28, kisha mkuu wa kambi akawapunguzia mpaka siku saba kwa sababu ya ushujaa wao. Benuzzi aliandika kitabu ambacho kimesomwa katika nchi nyingi.

Miaka michache baadaye msitu ule ule ulijaa watu waliokuwa na haja nyingine kabisa. Toka mwaka 1952 wapiganaji wa msituni, na kiongozi wao upande wa Mlima Kenya akiwa Waruhiu Itote aliyeitwa Jenerali China mpaka alipokamatwa Januari, 1954, walitembea usiku katika mianzi bila ya taa na bila ya ramani, wakijua kila kijito kwa sauti yake. Katika kuujua ule mshipi wa msitu hakuna mpanda milima aliyewapita, na wao hawakuacha michoro.

Kisoi Munyao, Mkamba, ndiye atajwaye kuwa Mwafrika wa kwanza wa Kenya kupanda vilele hivi kwa ufundi wa kamba, mwaka 1959. Yeye huyo ndiye aliyechaguliwa kuipandisha bendera ya Kenya juu ya mlima wakati wa Uhuru, Desemba, 1963. Alifariki mwaka 2007.

NJIA ZA SIKU HIZI

Leo kilele ni mahali pa mipaka. Wilaya nyingi za zamani zimekwisha geuzwa kuwa kaunti, na kaunti tano, yaani Nyeri, Kirinyaga, Embu, Tharaka-Nithi na Meru, zina sehemu ya mlima huu. Kwa hiyo jiwe moja hutajwa na watu wengi kuwa ndicho kilele chao. Mbuga ya taifa ilianzishwa mwaka 1949, na mwaka 1997 mlima uliandikwa katika orodha ya urithi wa ulimwengu.

Njia zitumikazo sana ni tatu. Ya Naro Moru, toka magharibi, ni fupi na yafuata bonde la Teleki. Shida yake ni mteremko wa matope ambao humeza viatu. Ya Sirimon, toka kaskazini-magharibi karibu na Nanyuki, ni kavu na ya pole pole, nayo ndiyo imfaayo mtu apandaye mara ya kwanza. Ya Chogoria, toka mashariki, ni ndefu na wengi waisifu kwa uzuri, kwa kuwa yapita kando ya magenge na maziwa madogo. Zote tatu hufika Lenana, meta 4,985, bila ya kamba. Kwa Batian na Nelion hakuna njia ya miguu, wala haitapatikana.

Ile barafu ya Almasi ambayo Mackinder aliichonga ngazi imepungua sana, na barafu ya Lewis, iliyokuwa mto mkubwa, sasa imebaki mabaki. Barafu kadhaa zilizoandikwa katika ramani za zamani hazipo tena. Mtu akichukua kitabu cha mwaka 1929 na kufuata maneno yake, atakuta mawe malegevu mahali palipoandikwa theluji.

Lakini adui aliye mkubwa kwa mtu wa kawaida haonekani kwa macho. Kuanzia urefu wa meta 3,000 hewa huwa nyepesi. Ngoingwa iko kama meta 1,500. Mtu atokaye hapo kwa gari asubuhi, apite Sagana na Karatina, aweza kulala jioni hiyo hiyo katika urefu mara mbili ya ule wa nyumbani kwake. Kichwa kikiuma kidogo si ajabu. Anywe maji mengi na kupumzika. Kikizidi, akitapika, akiyumba kama mlevi, au akikohoa na kukosa pumzi hali amekaa, asingoje asubuhi. Dawa ni kushuka, hata kama ni usiku, hata kama kilele kinaonekana pale. Vijana wenye nguvu ndio hupatwa zaidi, kwa maana wao hukimbia. Afadhali kutumia siku nne au tano kuliko siku tatu.

Na mtu asiende peke yake. Mwezi wa Septemba, 1970, daktari kijana wa Austria, Gert Judmaier, alivunjika mguu karibu na kilele cha Batian. Mwenziwe, Oswald Oelz, alishuka kutafuta msaada. Ilichukua siku nyingi kumteremsha, na rubani wa helikopta mmoja alikufa katika kazi hiyo. Judmaier alipona. Mahali walipomtoa palikuwa umbali ambao katika nchi tambarare mtu angeutembea kabla chai haijapoa.

Waongozi wa mlima huwaamsha watu saa nane au saa tisa za usiku kwa mwendo wa mwisho wa kwenda Lenana. Wageni hunung'unika, lakini sababu ni nzuri: changarawe za mteremko ule, zikiwa zimeganda kwa baridi, hushika mguu, jua likizipata hulegea, na mtu hupanda hatua mbili akateleza moja. Aliyeanza wakati huo hufika juu kunapopambazuka. Mbele yake, ng'ambo ya barafu iliyobaki, minara ya Nelion na Batian husimama karibu hata aweza kuona nyufa zake. Akigeuka kusini, kabla mawingu hayajapanda, huona nchi yote ya Murang'a na Thika imelala katika kivuli, na Kilimambogo, ikiwa hewa ni safi, kama kichuguu pembeni.